Baiskeli kwenye treni: nzima au ndani ya mfuko?

Nzima ndiyo rahisi, mradi treni iwe na nafasi ya baiskeli. Vua mikoba kabla treni haijafika, kisha kaza mkono wa breki ya mbele kwa mpira isibingirike.

Mfukoni, mara nyingi huhesabiwa kama mzigo wa kawaida, lakini kazi ipo. Ng'oa magurudumu, kisha pedali kwa spana ya milimita 15; pedali ya kushoto hufunguka kwa kufuata mshale wa saa, na hapo wengi hukosea. Breki za diski ziwekewe kipande cha plastiki katikati ya pedi zake, la sivyo ukizibonyeza pedi hugandana. Kibadilisha gia cha nyuma hupinda upesi: kifungue, ukifunge ndani ya fremu.

Ukiwa na mikoba minne na treni tatu za kubadili, mfuko ni adhabu.