Muziki wa The Shawshank Redemption: Thomas Newman alijua kusubiri

Waimbaji wa kwaya ninayoiongoza wana ombi lao la kila mara: "Mwalimu, hapa mwisho tupandishe." Wanataka tumalize kwa kishindo, watu wapige makofi. Huwa nawaambia wasikilize albamu hii ya mwaka 1994. Filamu hiyo ya mwongozaji Frank Darabont inaisha kwa furaha kubwa, lakini Thomas Newman, mtunzi wa muziki wake, haitoi furaha hiyo mapema. Anaibana kwa zaidi ya saa mbili. Kama bado hujaitazama, ujue kwamba nitataja mwisho wake.

Andy Dufresne, ofisa wa benki anayeigizwa na Tim Robbins, anahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Huko gerezani anapata rafiki, Red, ambaye ni Morgan Freeman. Kamera inapopita juu ya gereza kwa mara ya kwanza ndipo tunasikia kipande cha pili cha albamu, "Stoic Theme". Nyuzi nzito za okestra zinatembea chini, pole pole, zikipanda kidogo na kurudi. Unasikia ukuta. Huambiwi uogope wala usikitike, unaonyeshwa tu ukubwa wa mahali ambapo mtu huyu atazeekea.

Kipande chenye jina la filamu kinapigwa Andy anapotoroka, akitambaa ndani ya bomba la maji machafu hadi kutokea kwenye mvua. Mtunzi mwingine angepuliza tarumbeta zote alizonazo. Newman mwenyewe alikuwa ameandika hapo wito wa noti tatu, Darabont akaona unajigamba mno kwa ushindi, akamwomba aupunguze hadi noti moja. Noti moja! Mimi nimeshatumia mazoezi mazima kujaribu kuwashawishi watu waimbe kidogo kuliko wanavyoweza, kwa hiyo uamuzi huo naujua uzito wake. Okestra bado inajaa, mvua bado inanyesha, ila ndani ya ule ukubwa kuna kitu kimezuiwa, na ndicho kinachokufanya uendelee kukaa kwenye kiti. Andy yuko nje, lakini Red bado yuko ndani.

Vipande ninavyovipenda kuliko vyote ni viwili vinavyoitikiana: "Brooks Was Here" na "So Was Red". Brooks ni mzee wa maktaba anayeachiwa baada ya kukaa gerezani miaka 50, anashindwa kuishi uraiani, anachonga jina lake kwenye boriti ya chumba chake na kujinyonga. Piano inamsindikiza kwa noti chache, kila moja ikiachwa iishe kabla ya nyingine kuja. Baadaye Red naye anaachiwa, anapewa chumba kilekile, anasimama chini ya boriti ileile. Ukiwa umesikiliza vizuri cha kwanza, moyo unakudunda kabla cha pili hakijafika katikati.

Ndipo inaingia harmonika. Newman alikuwa amekiandika kipande hicho cha pili kwa obo peke yake, chombo cha kupuliza cha okestra, na alikubali kwa shingo upande kuongeza harmonika, kwa sababu Andy aliwahi kumpa Red harmonika gerezani. Aliyepiga ni Tommy Morgan, na kwa maelezo ya Darabont alipatia kabisa mara ya kwanza tu. Mimi naiamini habari hiyo kwa jinsi pumzi yake inavyosikika: haijapambwa, haijanyooshwa. Ni chombo kidogo cha mfukoni mbele ya okestra nzima, na okestra inakipisha.

Kwenye albamu pia kuna ile duwa (wimbo wa waimbaji wawili) ya Mozart kutoka opera yake Le nozze di Figaro, ambayo Andy anaifungulia gereza zima kwa vipaza sauti. Wanaoimba ni Gundula Janowitz na Edith Mathis, chini ya uongozaji wa Karl Böhm. Soprano mbili zinapokezana mistari, halafu zinakutana na kwenda bega kwa bega. Sijachoka kuisikiliza, na namheshimu Newman kwa kutojaribu kushindana nayo.

Kasoro zipo. Albamu ina vipande 21, na vingi vinakatika ukiwa ndiyo kwanza umetulia. "Sisters" na "Elmo Blatch" vinafanya kazi yake ya kutia hofu kwenye picha, lakini bila picha vinabaki kuwa mngurumo. Nyimbo za The Ink Spots na Hank Williams ni nzuri, ila zimewekwa katikati ya muziki wa okestra kiasi kwamba zinauvunja kila unapoanza kukusanya nguvu. Ningezipeleka mwisho.

Tuzo ya Oscar ya muziki wa filamu za mwaka 1994 ilikwenda kwa Hans Zimmer kwa The Lion King. Hata hivyo, kwa miaka mingi vipande vya Newman vilitumika kwenye trela za filamu nyingine, jambo linaloniudhi kidogo, maana wanachukua kilele bila mlima. "End Title", pale marafiki wanapokutana ufukweni mwa Pasifiki, inafunguka kwa upana ambao haujasikika popote kabla. Ukiisikia peke yake ni muziki mtamu. Ukiifikia baada ya yote yaliyotangulia, inakubomoa.

Kwa hiyo usianze nayo. Tazama filamu kwanza. Kisha chukua spika zenye besi ya kutosha, maana nyuzi za chini hupotea kabisa kwenye simu, na usikilize kuanzia namba 18 hadi 21 bila kuruka. Hapo kuna "And That Right Soon", "Compass and Guns", "So Was Red", halafu "End Title". Nawapa wanakwaya wangu hizo nne, na mazoezi yanayofuata tunaanza na kuimba kwa sauti ya chini.