Saigon usiku kwa pikipiki: tathmini kwa aliyezoea bodaboda za Mwanza

Mtu wa Igoma au Buhongwa anayepanda bodaboda asubuhi na jioni ana haki ya kuuliza: nikishafika Vietnam, kwa nini nitoe dola 40 ili nipakizwe kwenye pikipiki? Jibu letu ni kwamba toa, ila chagua vizuri. Kinacholipiwa katika ziara hizi za usiku si chombo, wala si majengo. Ni dereva. Unamlipia anayejua kichochoro kipi kina jiko la maana, anayeweza kuuliza kwa Kivietinamu kama mchuzi umepikwa kwa mifupa ya nguruwe, na anayepita katikati ya msongamano wa pikipiki bila kukanyaga breki ghafla. Ukimpata, utaona jiji ambalo teksi haiwezi kukuonyesha. Ukimkosa, umelipia bodaboda kwa bei ya hoteli.

Jiji lenyewe ni Ho Chi Minh, jina lililowekwa rasmi mwaka 1976, ingawa wenyeji katika maongezi bado husema Saigon. Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu: Halotel, iliyoanza kutoa huduma Tanzania mwaka 2015, ni ya Viettel ya huko, na korosho ghafi zetu nyingi huishia kwenye viwanda vyao. Kuingia nako kumekuwa rahisi. Tangu Agosti 2023 visa ya kielektroniki inatolewa kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90, kwa dola 25 ukiingia mara moja.

Ziara ya kawaida huchukua saa nne hivi. Dereva anakufuata hotelini kati ya saa 11 na nusu na saa 12 jioni, na kila mgeni ana pikipiki yake na dereva wake. Kuna tofauti ya saa nne kati ya Saigon na Mwanza: saa 12 jioni kwao ni saa 8 mchana kwetu. Ndiyo maana ziara hii inafaa sana usiku wa kwanza au wa pili baada ya kufika. Wakati watalii wa nchi nyingine wanapiga miayo, mwili wako bado unadhani ni alasiri.

Sababu ya kutumia pikipiki ni vichochoro, ambavyo kwa Kivietinamu huitwa hẻm. Anwani za Saigon zimejaa alama za mkwaju (/): nyumba namba 15/8/3 ni nyumba ya 3 ndani ya kichochoro cha 8 kinachotoka kwenye kichochoro cha 15. Vingi havipitishi gari. Humo ndimo watu wanakopika na kula, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa ukutani na jiko moja likiuza chakula kimoja tu. Basi la watalii linaishia barabara kuu, na anayetembea kwa miguu atachoka kabla ya kituo cha tatu, maana vituo vizuri vimetawanyika kilomita nyingi.

Katika ziara nyingi kuna vituo vinavyojirudia, na thamani yake inatofautiana. Soko la maua la Hồ Thị Kỷ linastahili kuwekwa kwenye kila njia. Ni soko la jumla, na linachangamka usiku kwa sababu malori ya maua kutoka Đà Lạt, kwenye nyanda za juu, hufika wakati huo. Pembeni yake kuna mtaa wa chakula wenye vyakula vya Kikambodia. Ukipelekwa hapo saa 12 na nusu utakuta mafungu machache, hivyo mwombe kiongozi wa ziara aliache hadi mwisho wa njia. Magorofa ya zamani ya Nguyễn Thiện Thuật, katika Wilaya ya 3, nayo ni mazuri kwa anayetaka kuona watu wanavyoishi; mtaa huo huo una maduka mengi ya magitaa. Kwenye kona ya Nguyễn Đình Chiểu na Cách Mạng Tháng Tám kuna mnara wa mtawa Thích Quảng Đức, aliyejichoma moto hadharani tarehe 11 Juni 1963 kupinga ukandamizaji wa Wabudha. Kiongozi anayejua kazi yake huzima pikipiki hapo na kueleza kwa utulivu. Asiyejua hupita akinyoosha kidole.

Chợ Lớn, mtaa wa Wachina, ndipo matangazo yanapodanganya. Hekalu la Thiên Hậu na soko la Bình Tây ni vivutio vya mchana. Milango hufungwa mapema jioni. Ukiona ziara ya usiku imeviorodhesha, jua utaonyeshwa geti. Afadhali njia inayokwenda Wilaya ya 4, mtaa wa Vĩnh Khánh, halafu inavuka mto kwenda Thủ Thiêm kwa handaki lililofunguliwa 2011 na kurudi kwa daraja la Ba Son lililofunguliwa 2022. Kutoka ng'ambo unaona taa za jiji zote, pamoja na jengo la Landmark 81 lenye urefu wa mita 461. Kwa namba za wilaya usibabaike: tangu Julai 2025 zimefutwa kiutawala, lakini madereva na matangazo bado wanazitumia.

Sasa suala la kukaa kwenye pikipiki. Hapa aliyezoea boda za kwetu ndiye anayeumia kuliko mgeni asiyejua kitu, kwa sababu ana mazoea. Vietnam magari yanakwenda upande wa kulia. Bomba la moshi la pikipiki, kwao kama kwetu, liko kulia. Mwanza ukiteremka unateremkia kushoto, upande wa ukingo wa barabara, mbali na bomba, na mguu umeshajizoeza hivyo bila kufikiri. Saigon ukingo uko kulia. Ukifuata ukingo, shavu la mguu wako linapita juu ya bomba lililotoka kuwaka saa nzima. Alama za kuungua kwenye mguu wa kulia ni jambo la kawaida kabisa kwa watalii wa huko. Panda na uteremke kushoto siku zote, baada ya dereva kusimama kabisa na kuweka miguu yote miwili chini. Madereva makini hupandisha pikipiki kwenye njia ya waenda kwa miguu kwanza, kwa hiyo upande wa kushoto unakuwa salama. Ukiungua, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta.

Kukaa upande, kama wanavyofanya akina mama wengi waliovaa kitenge, hakufai huko. Pikipiki zinapita zikibanana sana na magoti yanayotokea pembeni hugongwa. Vaa suruali na viatu vyenye mkanda wa nyuma. Kandambili huanguka na dereva hawezi kusimama katikati ya mkondo kuiokota. Magoti yabane ndani, shika chuma cha nyuma ya kiti au kiuno cha dereva, na usiegemee kinyume anapokata kona. Mwendo ni wa taratibu, mara nyingi kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Kwenye kipilefti utadhani mnaelekea kugongwa. Acha iwe hivyo. Kila mmoja anamsoma mwenzake na kujisogeza kidogo, na kinachoharibu ni mtu wa nyuma anayeruka au kujipinda kwa hofu. Honi si tusi huko, ni taarifa kwamba nipo hapa.

Vyombo vingi ni skuta za injini ndogo au Honda za gia zisizo na klachi. Mwenye mwili mkubwa, tuseme zaidi ya kilo 100, aseme wakati wa kuagiza ili apangiwe pikipiki na dereva wanaofaa. Hakuna haya katika hilo. Na mshikaki usahau.

Kofia ngumu ni lazima kisheria tangu Desemba 2007, kwa dereva na abiria. Lakini zipo kofia nusu, nyepesi kama bakuli, zinazofunika utosi tu. Kataa. Omba inayofunika masikio na kisogo, na kamba ikifungwa iache nafasi ya vidole viwili tu chini ya kidevu. Wenye rasta au nywele nene zilizosukwa watakuta saizi za huko ni ndogo, kwa hiyo tuma ujumbe siku moja kabla. Simu usiishike mkononi pikipiki ikitembea: vibaka wa pikipiki wapo, na hunyakua wakiwa mwendoni. Picha ni za kwenye vituo. Mkoba uvae mbele, katikati yako na mgongo wa dereva.

Chakula ni nusu ya ziara, wakati mwingine zaidi ya nusu. Kula kidogo mchana, kwa sababu vituo vya kula hufika vitano au zaidi. Vĩnh Khánh wanauza konokono wa aina nyingi, kome na chaza. Kwa anayeanza, chaza wa kuchoma wenye mafuta ya majani ya vitunguu na karanga hawamshindi mtu, na konokono waliokaangwa kwa tui la nazi wana ladha ambayo mtu wa pwani angeielewa mara moja. Mchuzi wa samaki, nước mắm, uko karibu kila mahali. Hutengenezwa kwa samaki wadogo wa baharini na chumvi, vikaachwa kwenye mapipa kwa takriban mwaka mzima. Aliyekulia karibu na soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba hatatishwa na harufu yake. Yai la bata lenye kifaranga ndani, hột vịt lộn, huletwa kama jaribio la ujasiri. Unaweza kukataa bila kumkosea mtu heshima. Juisi ya miwa iko kila kona, na wao hukamua pamoja na limau dogo la kumquat. Barafu ya vipande vyenye tundu katikati hutoka kiwandani, hiyo isikutie wasiwasi.

Waislamu wasome hapa kwa makini. Nguruwe yuko pale usipomtarajia: supu ya hủ tiếu hupikwa kwa mifupa yake, bánh xèo, chapati ya unga wa mchele, mara nyingi huwa na nyama yake ndani pamoja na kamba, na hata nyama ya ng'ombe iliyofungwa kwenye jani la lốt inaweza kuchanganywa na mafuta yake. Kusema "không thịt heo", yaani bila nyama ya nguruwe, hakuondoi mafuta wala supu. Taja vyote viwili wakati wa kuagiza ziara, kwa maandishi, na uombe njia ya vyakula vya baharini. Kampuni ikijibu haraka kwamba hakuna tatizo bila kukutajia mabadiliko yoyote ya vituo, tafuta nyingine. Katikati ya jiji, mtaa wa Đông Du, kuna msikiti uliojengwa 1935, na karibu yake zipo hoteli za chakula halali. Mwenye mzio wa karanga naye aandike mapema. Karanga hunyunyizwa karibu kila sahani.

Kuhusu pombe, tangu 1 Januari 2020 anayeendesha haruhusiwi hata tone. Abiria anaweza kunywa, na wenyeji watamkaribisha kwa kuhesabu moja, mbili, tatu kabla ya kugonga glasi. Lakini abiria aliyelewa huyumba, na anayeyumba nyuma anamwangusha aliye mbele. Ukimwona dereva wako anapokea bia, teremka, lipia njia yako ya kurudi.

Mvua huanzia Mei hadi Novemba, na nyingi hunyesha alasiri au jioni. Ziara haiahirishwi kwa mvua ya kawaida. Utapewa koti la mvua, na yapo yenye nafasi za vichwa viwili, cha dereva na cha abiria. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa mtoni, baadhi ya mitaa hufurika. Hapo kampuni nzuri inabadilisha njia, na mbaya inakupitisha kwenye maji yaliyoficha mashimo. Desemba hadi Aprili ni kukavu, ila epuka wiki ya Tet, mwaka mpya wao, kati ya mwisho wa Januari na Februari. Majiko mengi ya vichochoroni hufungwa kwa kuwa watu wamekwenda kwao.

Bei zinaanzia karibu dola 25 kwa ziara zinazoendeshwa na wanafunzi, hadi dola 80 au zaidi kwa kampuni kubwa au zinazotumia skuta za Vespa. Wanafunzi wana maongezi mazuri na Kiingereza cha kujifunza. Kampuni kubwa zina uzoefu wa barabara na mpango wa dharura. Kwa usiku wa kwanza tunapendelea uzoefu wa barabara. Zipo pia zenye madereva wanawake watupu, na kwa dada anayesafiri peke yake huo ni uchaguzi mzuri. Kabla ya kulipa, uliza kama chakula chote kimo ndani ya bei, kundi halizidi wangapi, na bima yao inamhusu abiria au inaishia kwa dereva. Soma na bima yako ya safari, kwani nyingine hazigusi ajali za pikipiki. Kundi likizidi watu kumi hivi, nusu ya muda mtakuwa mnasubiriana.

Kukokotoa fedha ni rahisi: kwa viwango vya sasa, futa sifuri moja ya mwisho kwenye dong, fedha ya huko, na unapata shilingi kwa makadirio. Dong 1,000,000 ni kama shilingi 100,000. Tazama noti kwa makini, maana ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na chini ya taa hafifu za kichochoro hufanana sana. Bakshishi hailazimishwi, dong 100,000 mkononi mwa dereva aliyekutunza ni shukrani ya kutosha.

Mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo au aliye na mtoto mchanga asipande. Kwake kuna boti za abiria za Saigon Waterbus, zilizoanza 2017, zinazoondoka gati la Bạch Đằng na kupita mtoni kwa nauli ndogo ya tiketi ya kawaida. Afike gatini mapema, kwa sababu viti vya safari ya jua kuzama huisha kabla ya vingine.