Uzoefu wangu na Desert Island Discs ya BBC, nikiisikiliza huku Tanga

Jamani hiki kipindi mbona huku kwetu hakiongelewi kabisa, maana mimi tangu nimekijua sikiachi. Ni kipindi cha BBC Radio 4, kinapatikana bure kama podikasti kwenye simu, unadaunlodi ukipata waifai ya mtu au usiku bando linapokuwa rahisi hafu unasikiliza siku nzima bila intaneti. Mimi ni fundi cherehani Ngamiani, kazi yangu macho na mikono vinakuwa kwenye kitambaa lakini masikio hayana kazi, kwahiyo nimeshasikiliza podikasti za kila aina na hii ndo naweza kumshikia mtu mkono nimwambie hebu kaa hapa sikiliza.

Inaenda hivi: anaitwa mtu anayejulikana, awe mwanasayansi, mwimbaji, mwanasiasa, mcheza mpira, yeyote, anaambiwa jifanye umetupwa kisiwani peke yako huna mtu, chagua nyimbo 8 tu za kwenda nazo. Anapewa Biblia au kitabu cha dini yake, anapewa na kazi zote za Shakespeare, hafu anaruhusiwa kuongeza kitabu kimoja anachokipenda na kitu kimoja cha anasa, sharti kisiwe na uhai na kisimsaidie kutoroka. Mwisho wa kipindi anaulizwa, mawimbi yakija kuzoa santuri zako zote, utakimbilia kuokoa ipi? Hapo ndo utamu wote, mtu alikuwa anaongea vizuri tu dakika zote hizo akifika hapo ananyamaza.

Na sio kitu cha jana. Aliyekibuni ni Roy Plomley, kikaanza kurushwa Januari 1942 vita vya pili vya dunia vimepamba moto, cha kwanza kilirekodiwa studio za BBC za Maida Vale ambazo zilikuwa zimeshapigwa bomu, mgeni akiwa mchekeshaji Vic Oliver. Plomley alikiendesha mwenyewe hadi alipofariki 1985, akaja Michael Parkinson, Sue Lawley, Kirsty Young, na kuanzia 2018 ni Lauren Laverne. Vipindi vimeshapita 3,000. Vya zamani sana vingi havikuhifadhiwa, inauma, ila vilivyopo ukianza kuvisikiliza huvimalizi.

Sasa kwanini nakisifia hivi. Sisi tumezoea mahojiano ya redioni ya kumuuliza mtu historia yako kwa ufupi, changamoto gani umekutana nazo, unawaambia nini mashabiki zako, na yeye anajibu yaleyale aliyojibu redio ya jana. Kwenye hiki kipindi mtu haulizwi hivyo. Anaulizwa wimbo. Na mtu akianza kueleza kwanini wimbo fulani, lazima akwambie alikuwa wapi, alikuwa na nani, nyumba ilikuwaje, mama yake alikuwa anapika nini, yaani anajikuta ameshafungua mlango kabla hajajua kama ameufungua. Paul McCartney alienda 1982, John Lennon alikuwa ameuawa Desemba 1980, hawa wawili walikuwa waimbaji wa bendi moja ya Uingereza, The Beatles, na baadaye walishafarakana vibaya na dunia nzima ikajua. McCartney akachagua wimbo ambao Lennon alimwimbia mwanawe. Hakuhitaji kuhutubia. Nilisimamisha cherehani kabisa pale.

Kingine cha Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, siku ya Krismasi 1992, na Sue Lawley. Huyu alikuwa haongei kwa mdomo, anatumia kompyuta, kwahiyo majibu yanakuja kwa ile sauti ya mashine, hafu ukisikia Mozart inaingia baada ya ile sauti unaelewa muziki kwake ulikuwa nini. Kitu cha anasa alichotaka ni kitindamlo cha Kifaransa cha krimu ya maziwa na mayai chenye sukari iliyochomwa juu. Mtu amekaa anawaza mwanzo wa ulimwengu na kisiwani anataka kitu kitamu cha kula, nilimpenda sana.

Na Tom Hanks, 2016, akiwa na Kirsty Young. Huyu tunamjua wote kwenye muvi, mtu wa kucheka muda wote, lakini alipofika kwenye utoto wake, wazazi wameachana, kuhamahama nyumba na shule, akaongelea upweke na machozi yakamshinda. Kirsty Young hakumrukia na swali lingine, alimwacha. Watangazaji wetu wangesikiliza hapo tu ingetosha. Kitu chake cha anasa taipureta ya Hermes 3000 na karatasi.

Wapo pia wa kushangaza. Elisabeth Schwarzkopf, mwimbaji wa opera, 1958 katika nyimbo 8 alizobeba 7 ni rekodi zake mwenyewe, na watu wanalisimulia hadi leo. Mimi sikumwona mbaya. Kama sauti yako ndo imekuwa maisha yako, utaiachaje?

Haya, na ubaya wake niseme maana sitaki mtu aende hafu anilaumu. Kwenye podikasti muziki unakatwa! Kwa sababu ya hakimiliki unasikia sekunde chache tu wimbo unaanza kukolea wameshauondoa wanarudi kwenye maongezi. Kipindi cha muziki hafu muziki wenyewe unaonja kwa ncha ya ulimi. Ninachofanya naandika majina ya nyimbo kwenye daftari la vipimo vya wateja, jioni nazitafuta YouTube moja moja, na kiukweli nimejua muziki mwingi kwa njia hiyo ila bando linakwenda. Cha pili vile vya zamani Kiingereza chao kizito, wanaongea kama wamevaa tai hadi kwenye ulimi, kama Kiingereza chako ni cha kusikiliza taratibu anza na vya kuanzia miaka ya 2000. Mlio wa kufungulia kipindi hauchoshi, ni muziki wa Eric Coates wa 1930 na shakwe wanalia juu yake, mpaka wateja wangu wameshaukariri.

Ila kilichonifanya nikae niandike haya yote ni baba mdogo. Huwa anapita kibaraza cha kazini alasiri akitoka msikitini, anakaa anakunywa kahawa. Nikamwamkia, nikamwambia baba leo nakupeleka kisiwani, chagua nyimbo 8. Akauliza, "Kisiwa gani, Toten?" yaani hiki kisiwa chetu cha hapa Tanga. Nikamweleza mchezo wote. Alianza harakaharaka, Atomic Jazz hizi mbili, Jamhuri Jazz hizi mbili, hafu taarabu, Black Star, Lucky Star, lazima Shakila awemo, ya ngapi hiyo mwanangu? Tukafika ya saba. Hapo akaacha kikombe, akawa anagonga ubao wa meza yangu ya kukatia kwa ukucha wa kidole cha shahada, anatafuta lile gitaa la rizimu, anagonga, anakosea, anarudia, mpaka likakaa sawa. Alivyolipata akasema, huu ukipigwa baba yako ndo alikuwa anafungua uwanja.

Nikamwambia baba yangu mimi? Maana marehemu baba mimi namjua mtu wa kazini, msikitini, nyumbani, redio ni ya taarifa ya habari ikiisha inazimwa. Baba mdogo akanieleza walivyokuwa vijana mashamba ya mkonge, Jumamosi ya mshahara wanapanda lori kuja mjini dansini, na baba alikuwa na suruali moja ya bugaluu anailaza chini ya godoro ipate kunyooka, na bendi ikianza ule wimbo watu wanamsubiri yeye aingie kwanza. Baba mdogo ana miaka na miaka ananiona kila siku na hakuwahi kunisimulia, sio kwamba alificha, hakuna aliyewahi kumuuliza swali la kumfikisha huko. Ule wimbo ndo aliosema angeukimbilia. Wa nane hakuchagua mpaka leo, anasema bado anafikiria.

Ndo maana naona hiki kipindi kingefaa sana huku. Mji huu ulikuwa na bendi zilizosikika Afrika Mashariki nzima na taarabu iliyotoa sauti kama ya Shakila, naye alishatutoka 2016, na wazee waliopiga na waliocheza bado tunapishana nao sokoni. Vipaza sauti vipo, redio zipo, na swali lenyewe halina gharama.

Kwa jumla nakipa nyota nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya kukata muziki. Mkitaka kuanza anzeni na Tom Hanks kwa sababu Kiingereza chake kinaeleweka na mnamjua, hafu Hawking, hafu mkipata nafasi McCartney. David Attenborough yule wa filamu za wanyama alialikwa mara nne, 1957, 1979, 1998 na 2012, sikilizeni cha mwisho mwone alivyobeba nyimbo za umri wote ule. Tumieni spikamasikio, hiki sio cha kuweka kwenye spika watu wanapiga stori pembeni.