Kifaru cha kuunga cha elfu 35 toka duka la Arusha: nunua, mota weka pembeni

Wadau, nianze na jibu kwa wale wa haraka: nunua. Hii modeli ya plastiki ya kifaru cha Mchina, Type 59, skeli ya 1/35 (yaani kimepunguzwa mara 35), inayouzwa elfu 35 kwenye duka moja la zawadi na midoli mitaa ya Soko Kuu hapa Arusha, ina mapungufu kibao na nitayataja, lakini umbo lake liko sawa, na umbo ndo kitu ambacho huwezi kukitengeneza mezani kwako. Bodi ikiwa fupi, au kichwa (kile cha juu kinachobeba mzinga) kikiwa kimekaa kama sufuria iliyopinduliwa, hakuna msasa wala gundi itakayokuokoa. Vingine vyote vinarekebishika tena kwa vitu vya hapa hapa mjini, ndo maana sioni kwanini mtu akae anajinyima miezi akisubiri modeli ya laki mbili toka nje.

Hilo umbo nimelipima na rula pale pale kaunta. Type 59 halisi bodi yake bila mtutu ina urefu wa mita 6.04 na upana mita 3.27, gawanya kwa 35 unapata milimita 172 na nusu kwa 93 hivi. Dada wa dukani akaniuliza, "Kaka, mbona unapima mdoli?" nikamwambia dada yangu huu siyo mdoli, nisubiri kidogo. Urefu ukatoka 172, upana 94. Aisee kwa bei ile sikutegemea. Na hata ile nafasi kubwa kati ya gurudumu la kwanza na la pili, ambayo ndo alama ya ukoo wote wa T-54, kifaru cha Mrusi ambacho Type 59 imetokana nacho, wameiweka inavyotakiwa.

Nje ya boksi wameandika T-55, mdogo wake T-54. Siyo. Angalia juu ya kichwa upande wa kulia, mbele ya mlango wa yule anayepakia risasi, kuna kinundu cha duara, kile ni kifuniko cha feni ya hewa. T-55 haina hicho kinundu, T-54 inacho na Type 59 ya Mchina inacho. Kwahiyo ukitaka T-55 kweli inabidi ukikate usawazishe na msasa, ila mimi nimefurahi hivyo hivyo sababu Type 59 ndo kifaru chetu. Mchina alianza kuitoa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufuata T-54A ya Mrusi, na JWTZ ilikuwa nayo kwenye Vita vya Kagera, 1978 mpaka 1979, pamoja na kale kadogo ka Type 62. Ingia duka lolote la modeli duniani utakuta Tiger za Mjerumani na Sherman za Mmarekani za kumwaga, sasa kukipata kifaru kilichovuka Mto Kagera tena kwa hela ya mafuta ya bodaboda ya siku chache, mimi hilo nalihesabu sana.

Sasa mabaya. Ndani kuna mota, boksi la betri na swichi, na chini ya tumbo kuna matundu ya hivyo vyote. Mota ni kelele tupu na gia za plastiki zinaruka meno. Ila ujue hii skeli ya 1/35 yenyewe imezaliwa na mota: Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, walipotoa modeli yao ya kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960 walichukua kipimo ambacho mota na betri vingeenea ndani, ikaangukia 35, na watengenezaji wengine wakafuata mpaka leo. Sisi tunajenga cha kuweka kabatini, kwahiyo toa mota mpe mtoto achezee, matundu ziba. Mimi nimeziba kwa vipande vya kava la CD, zile ngumu zinazoonyesha ndani, ile ni polistirini, plastiki ile ile ya modeli, inashika kabisa. Na hapa machalii mnaoanza mnisikilize vizuri: chombo chochote cha plastiki kabla hujakikata geuza uangalie kale ka pembetatu, ikiwa namba 6 ni polistirini inaungika, ikiwa 5 ni polipropilini achana nayo, gundi ya modeli haiishiki hata ubembeleze.

Gundi waliyoweka kwenye boksi ni maji matupu. Natumia tina ya wapiga rangi wa magari, unagusa na brashi ndogo kwenye maungio inajipenyeza yenyewe, plastiki inayeyuka kidogo pande zote mbili zinakuwa kitu kimoja. Kidogo tu lakini, ukimwaga inakula mpaka rivati. Fungua madirisha, watoto wakae mbali, na kusiwe na jiko wala mshumaa unawaka karibu maana ile kitu inadaka moto haraka mno na mvuke wake siyo mzuri kabisa kwa mapafu.

Vipande vya fremu (vile vijiti vinavyoshikilia vipande vya modeli) vinavyobaki usitupe! Vikatekate, weka kwenye kichupa cha rangi ya kucha kilichooshwa, mimina tina, acha mpaka kesho yake, unapata uji mzito wa plastiki. Huu uji ndo dawa ya modeli hii. Bodi ya juu na ya chini zikikutana zinaacha ufa pembeni, unajaza na huo uji, ukikauka unasinyaa kidogo unajaza tena, kisha msasa. Halafu kuna kichwa. Kichwa cha Type 59 ni chuma cha kumiminwa, kina ukwaruzo wake unaoachwa na mchanga wa kalibu, na cha kwenye boksi ni laini kinateleza kabisa, ukikipaka rangi hivyo kitaonekana mdoli milele. Pakaza uji sehemu ndogo ndogo, kabla haujakauka gongagonga na mswaki wa zamani uliokatwa nywele fupi, ukikauka vizuri pitisha msasa laini juu juu tu. Kati ya vyote nilivyofanya hakuna kilichobadilisha sura ya hiki kifaru kuzidi hicho, na gharama yake ni sifuri.

Mtutu umekuja nusu mbili za kubandika, mshono unaonekana toka mbali, na mdomo wameuziba. Mzinga halisi ni wa milimita 100, gawanya kwa 35 unapata 2.86, kwahiyo biti ya milimita 3 ya duka lolote la hadwea inatosha kabisa. Toboa kwanza katikati na ncha ya kisu, ingia na biti nyembamba, malizia na ya 3, zungusha kwa vidole maana drili ya umeme inayeyusha plastiki. Mdau mmoja wa Moshi yeye kaenda mbali zaidi, mtutu mzima kautoa akaweka kipande cha eriali ya redio alichopata kwa fundi kule Mbuyuni, kile kivimbe cha karibu na mdomo akakihamisha toka kwenye modeli, umetoka msafi hauna mshono, nimeuona kwa macho nikaukubali.

Minyororo ndo sehemu dhaifu kuliko zote. Type 59 haina zile roli ndogo za juu, mnyororo unalala juu ya magurudumu matano kwa uzito wake, unaonekana kabisa umelegea. Ya kwenye boksi ni ya mpira, imekaza, inaelea hewani. Paka rangi magurudumu kwanza yakauke, kisha shusha mnyororo ukandamize juu ya kila gurudumu na tone la supaglu, shikilia na vibanio vya nguo. Usiruke hiyo ya rangi, mpira wa namna hii ukikaa miaka unaweza kuila polistirini iliyo wazi, magurudumu yakalainika. Ukipata minyororo ya plastiki ya kuunga kipande kwa kipande weka hiyo, ila bei yake peke yake inaweza kuzidi modeli.

Vishikio vya mikono kwenye kichwa na kwenye madigadi wamevichora tu kama vituta, vikwangue vyote. Kwa mafundi wa kusuka mota Unga Limited kuna mabaki ya waya wa kopa wa kila unene, niliomba, fundi akaniambia "chukua tu kijana," nikatoka na waya wa kunitosha vifaru kadhaa. Kopo la soda likikatwa na mkasi linatoa mikanda na kingo nyembamba za madigadi. Na usisahau katundu kadogo katikati ya bamba la mbele, ni ka bunduki isiyogeuka, kwenye modeli hakapo, sindano inatosha kukatoboa.

Kuna mzee jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, nikampelekea akione. Shikamoo mzee, marahaba, akakigeuza muda mrefu akasema, "Bodi ni yenyewe. Ila mbona hakijabeba kitu? Safarini mnabeba kila kitu nyie." Nikarudi nikaongeza gogo nyuma, mapipa mawili ya mafuta, na maturubai ya tishu iliyolowekwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa ngumu na mikunjo yake imekaa. Wazee wa hivi tunao wengi huku, hasa upande wa Monduli kwenye chuo cha jeshi, waonyesheni kazi zenu kabla hamjapaka rangi.

Rangi sitaongea sana, praima ya kijivu ya spreyi, juu yake kijani, duka la rangi za magari wanakuchanganyia kiasi kidogo. Vumbi chukua udongo mwekundu wa Karatu, uchekeche kwenye soksi nyembamba za kike, changanya na maji na tone la gundi ya mbao, paka chini na kwenye magurudumu. Udongo wa mitaa yetu ya mjini ni wa kahawia kijivu, kwa kifaru cha Kagera hauendi.

Jumla na spreyi, tina, biti na misasa nimefika kama elfu 60. Kwa mtu anayetaka kufungua boksi na kumaliza jioni ile ile haimfai, kwa anayependa kukaa mezani ni nzuri sana. Ila angalizo, rafu hiyo hiyo kuna na T-34/85, kifaru kingine cha Mrusi, ndogo ya 1/72, elfu 15, boksi linavutia kweli. Bodi yake inatakiwa ifike karibu sentimita 8 na nusu, nimepima ina 7 na nusu, hiyo iacheni hata wakiwapunguzia bei. Hii ya 1/35 iko rafu ya chini kabisa, nyuma ya magari ya rimoti, na kabla hujalipa fungua boksi uhesabu fremu, yangu moja ilikuwa imevunjika wakanibadilishia bila maneno.