Uzoefu wangu: ISA ya marehemu mume wangu hapa Uingereza

Jamani naandika hii kwa wajane wenzangu tulioko Uingereza, maana hapa Leicester kila ninayemuuliza hajawahi hata kuiskia haki tunayopata kwenye ISA ya marehemu, yaani akaunti ya akiba au hisa ambayo faida yake haikatwi kodi. Mume wangu, Allah amrehemu, aliacha ISA mbili, moja ya akiba ya kawaida benki na nyingine ya hisa kwenye kampuni ya mtandaoni. Sasa sheria ya huku inasema ukifiwa na mume au mke unapewa nafasi ya kuweka kwenye ISA yako kiasi kilekile alichokuwa nacho yeye, juu ya ile paundi 20,000 unayoruhusiwa kuweka kila mwaka, na faida yake haikatwi kodi. Inaitwa APS (Additional Permitted Subscription, yaani nafasi ya ziada ya kuweka), na inawahusu waliofiwa kuanzia tarehe 3 Desemba 2014.

Benki hawakuniambia. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole kwakweli, akanipa pole, akachukua cheti cha kifo, akasema akaunti itafungwa na hela zitaenda kwa wasimamizi wa mirathi, basi. APS niliitaja mimi kwa sababu shemeji yangu ni mhasibu alishanipigia kunieleza, ndo yule dada akaenda ndani kuuliza akarudi na fomu. Hapo nawapa nyota mbili tu, mtu kafiwa juzi atajuaje kuulizia kitu ambacho hajui kama kipo?

Wale wa hisa nawapa zote tano. Wenyewe wakanitumia barua yenye thamani ya siku aliyofariki, wakaeleza kwamba akaunti inaendelea kukaa bila kodi mpaka mirathi ikamilike au miaka 3 ipite, na thamani ikiwa imepanda mpaka siku ya kufunga basi nachukua ile kubwa.

Sasa hili ndo nataka mlishike. Mume wangu aliacha wosia wa kiislamu kwahiyo mimi fungu langu ni thumni, kilichobaki ni cha watoto na mama mkwe, na watu wananiuliza eti na APS nayo inagawanywa? Haigawanywi, yote ni ya mke hata kama hela zenyewe zimeenda kwa wengine. Tuseme alikuwa na 60,000, mkononi mwako inakuja 7,500 lakini nafasi ya kuweka unayo ya 60,000 nzima, na unaijaza na hela yoyote yako, mimi nilijaza na mafao ya kazini kwake niliyolipwa. Zingekaa akaunti ya kawaida, mlipa kodi wa kiwango cha chini anasamehewa faida ya 1,000 tu kwa mwaka, zaidi ya hapo wanakata.

Muda upo wa kutosha, wala usikimbizwe ukiwa eda. Ni miaka 3 tangu kifo au siku 180 baada ya mirathi kukamilika, kinachochelewa ndo kinahesabiwa. Ila ukitaka kuhamisha hisa zenyewe bila kuziuza ni siku 180 tangu ziwe zako, na lazima ubaki kampuni ileile.

Mimi nilitaka ya benki niihamishie benki ya kiislamu kuepuka riba. Inawezekana, lakini uliza kwanza kama wanapokea APS, si wote wanapokea, alafu usiweke hata senti moja kule kwa zamani kabla ya kuhama maana ukishaanza kuitumia huwezi kuihamisha tena.

Fomu iliuliza namba yake ya bima ya taifa, tarehe ya kifo, tarehe ya ndoa na kama tulikuwa tunaishi pamoja. Sisi tulioana Tanga na cheti cha serikali tunacho. Ila dada zangu mliofunga nikaha hapahapa Uingereza bila kuisajili serikalini, sheria ya huku haiwatambui kama wake, APS hampati na asipoacha wosia hata hizo hela zenyewe zitawasumbua, tafadhali kasajilini sasa hivi mkiwa wote wawili wazima.