Madaraja na Makanisa ya Graubünden: Yafaa Kushuka Kwenye Treni

Jimbo la Graubünden, mashariki mwa Uswisi, hujulikana na wageni wengi kwa treni nyekundu za kampuni ya reli ya Rhätische Bahn, na sifa hizo ni za haki, kwa kuwa njia zake za Albula na Bernina ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Hata hivyo, msafiri anayekaa kitini kutoka Chur, mji mkuu wa jimbo, hadi Tirano nchini Italia bila kushuka popote huondoka akiwa ameona mandhari nyingi na majengo machache.

Daraja la Landwasser, karibu na Filisur, ndilo mfano mzuri. Lilijengwa kati ya mwaka 1901 na 1902, lina matao sita ya mawe na kimo cha mita 65, na reli iliyo juu yake hupinda kisha huingia moja kwa moja katika tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa mwamba. Nguzo zake kuu zilijengwa bila jukwaa la nje. Mafundi walisimamisha minara ya chuma ambayo ilizungukwa na mawe kadiri kazi ilivyopanda. Abiria haoni lolote kati ya hayo, ila anayeshuka Filisur na kufuata njia ya miguu hadi bondeni hulitazama daraja kwa utulivu linavyostahili. Ni Brusio pekee, kwenye njia ya Bernina, ambako ningemshauri mtu abaki ndani, kwa sababu pale treni huzunguka duara na kupita chini ya tao la daraja ililotoka kulivuka, ili ishuke bila kuzidi mteremko wa asilimia 7.

Behewa za kioo za Bernina Express, treni ya watalii ya njia hiyo, hutozwa ada ya ziada ya kuweka nafasi, na madirisha yake hayafunguki, hivyo picha nyingi hutoka na mng'ao wa taa na nyuso za abiria. Treni za kawaida hupita kwenye reli ileile, na kwa maoni yangu ndizo bora.

Kilichonivutia kuliko yote, lakini, hakiko kwenye reli. Kutoka Thusis, basi la posta hupanda hadi Zillis, ambako kanisa la Mtakatifu Martino, la wastani na lisilo na madoido kwa nje, lina dari ya mbao yenye vibao 153 vilivyochorwa mwanzoni mwa karne ya 12. Wageni hupewa vioo vya mkononi ili wasiumize shingo, na hapo ndipo utamu ulipo: ukikisogeza kioo taratibu kando ya ukuta, unakutana na bahari iliyojaa viumbe wa ajabu, tembo na kondoo wenye mikia ya samaki, huku vibao vya katikati vikisimulia maisha ya Kristo na safu ya mwisho ikimhusu Martino mwenyewe. Tengeni muda wa kutosha, kwani anayepita haraka huona rangi tu.

Kwa wapenda uhandisi, daraja la Salginatobel juu ya kijiji cha Schiers halina mpinzani. Mhandisi Robert Maillart alilikamilisha mwaka 1930 kwa zege lenye nondo, tao moja la mita 90 ambalo ni jembamba kwenye ncha na katikati, likiwa nene pale tu nguvu zinapolazimu. Ubunifu huo ulichaguliwa hasa kwa sababu ulikuwa wa gharama nafuu, jambo linalofurahisha ukizingatia uzuri wake.

Monasteri ya Müstair, yenye michoro ya ukutani ya takriban mwaka 800 na masista Wabenedikto wanaoishi humo hadi leo, ni hazina kubwa, ila iko karibu na mpaka wa Italia na hufikiwa kwa basi kutoka Zernez kupitia mlima wa Ofen. Mwenye siku moja tu aiache, achague Zillis na Landwasser, ambavyo vyote hufikika kwa urahisi kutoka Thusis.