Nyasi ya Kikuyu au ya Pemba?

Ukitaka ua wa kijani bila kugeuka mtumwa wa mpira wa maji, huna haja ya mbegu za ng'ambo. Nyasi mbili za kwetu zinatosha, ila tabia zao ni mbingu na ardhi.

Kikuyu ni mzaliwa wa nyanda za juu, Limuru na kwingineko kwenye baridi. Jani lake ni jembamba na laini, unalitembelea pekupeku. Watoto wakicheza mpira juu yake haijali, na kiangazi kikiikausha, mvua huifufua. Lakini inataka jua, tena ina uroho wa ardhi: hutambaa juu na chini ya udongo. Nimewahi kung'oa mche wa sukuma wiki nikakuta mashina yake meupe yameizingira mizizi kama kamba. Mvua zikishika, slasha hailali.

Pemba ni ya pwani, jani pana lenye ncha butu. Hutambaa juu ya ardhi tu, kwa hiyo ukingo wake unaukata kwa panga, basi. Hustahimili mchanga na chumvi, na chini ya mwembe, Kikuyu inaponyauka, yenyewe hunawiri. Haihitaji kukatwa mara kwa mara. Udhaifu wake ni kiangazi kirefu na miguu mingi.

Zote hupandika kwa vipande vya shina. Jirani akikupa gunia moja masika yakianza, umeshapata mbegu.

Kwa ua wenye miti, mimi ningechukua Pemba. Penye jua na watoto, Kikuyu, mradi mboga ziwe mbali.